Mvumaji mdomo-upanga wa milima ya Andes: jinsi ya kumtambua na mahali pa kumpata

Ukimwuliza mtu wa Moshi au wa Limuru kama amewahi kumwona ndege mvumaji, wengi watakuambia ndiyo, tena watakuonyesha kwa kidole: yule pale, kwenye ua la mgomba. Nimeonyeshwa hivyo mara nyingi, na kila mara alikuwa chozi. Simlaumu mtu. Chozi ni mdogo, anameremeta, ana mdomo mwembamba uliopinda, na anakunywa mbochi, yale maji matamu yaliyomo ndani ya maua. Lakini wavumaji wenyewe Afrika hawapo. Wanaishi mabara ya Amerika peke yake, kuanzia Alaska hadi Tierra del Fuego, aina zaidi ya 350, na ndugu zao wa karibu si chozi bali ni teleka, wale warukaji wenye mabawa kama mundu ambao kwa mazoea tunawaita mbayuwayu. Zamani sana walikuwepo hata Ulaya: mwaka 2004 wanasayansi walieleza mifupa ya mvumaji wa kale iliyopatikana kusini mwa Ujerumani, yenye umri wa miaka milioni 30 hivi.

Mwongozo huu unamhusu mmoja tu kati ya hao 350, mvumaji mdomo-upanga. Nimemchagua kwa sababu sura yake na makazi yake ni habari moja. Ukishauelewa mdomo wake, umeshajua utafute msitu gani, urefu gani wa mlima, na ua lipi. Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaotazama ndege kaskazini mwa Tanzania, na niliyoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angenieleza kabla sijapanda ndege kwenda Ekuador.

1. Anza na jina, usije ukapotea mtandaoni

Jina la kisayansi ni Ensifera ensifera, yaani mbeba upanga, limetajwa mara mbili kana kwamba ni kusisitiza. Aliyemweleza kwanza ni Mfaransa Auguste Boissonneau, mwaka 1840 hivi, enzi ambazo ngozi za ndege wavumaji zilikuwa zikisafirishwa kwa wingi kutoka Bogotá kwenda kuuzwa Ulaya.

Ukitafuta neno Ensifera peke yake kwenye intaneti, utaletewa nyenje na panzi wenye papasi ndefu. Kundi lao nalo linaitwa hivyo hivyo. Hata senene wa Bukoba ni Ensifera! Kwa hiyo andika majina yote mawili, au tumia jina la Kihispania, colibrí picoespada. Hilo neno la mwisho, picoespada, lishike vizuri, maana ndilo utakalolitumia ukifika. Mwenyeji wa vijijini ukimtajia jina la kisayansi atakukodolea macho, lakini ukisema picoespada ataangalia saa yake kisha akuonyeshe kichaka.

Kwa Kiswahili sijakuta jina moja lililokubalika na wote. Mimi nasema mvumaji mdomo-upanga, na kila niliyemtajia ameelewa bila kuuliza.

2. Jifunze umbo kwanza, rangi baadaye

Kosa la kila mgeni ni kukariri rangi. Rangi ya mvumaji si ya kutegemea. Sehemu kubwa ya ule mng'ao haitokani na rangi iliyopakwa ndani ya unyoya. Inatokana na matabaka madogo mno ndani ya unyoya yanayoucheza mwanga, kama vile tone la mafuta juu ya dimbwi la barabarani linavyotoa rangi saba. Ndege yule yule akigeuza shingo anatoka kwenye shaba anaingia kwenye kijani, akigeuka tena anakuwa mweusi tii. Siku ya ukungu, na huko siku za ukungu ndizo nyingi, utamwona mweusi muda wote.

Umbo halidanganyi. Chukua viberiti viwili vya kawaida, uvipange kwa urefu, kimoja kianzie pale kingine kilipoishia. Huo urefu, sentimita 10 hivi, ndio mdomo. Sasa fikiria mwili wa kubeba mdomo huo: kutoka kichwani hadi ncha ya mkia ni sentimita 13 au 14 tu. Ukiuondoa mkia kwenye hesabu, mdomo unaushinda mwili, na hakuna ndege mwingine duniani aliye hivyo. Uzito wake wote ni gramu 10 hadi 15. Jaza vijiko vitatu vidogo vya sukari, viweke kiganjani, umeshambeba.

Mdomo wenyewe ni mweusi, mwembamba, na haupindi kwenda chini kama wa chozi. Umenyooka, au umejikunja kidogo mno kwenda juu. Mtazame alivyotua tawini: hawezi kuuweka mlalo kama ndege wengine, maana shingo ingechoka. Anaunyanyua kuelekea mbinguni, mshazari mkali, kama mlinzi aliyeegemeza mkuki begani. Ukiona mtini kijiti chembamba kimesimama mshazari na chini yake kuna kitu cha ukubwa wa kidole gumba kinachopumua, usiinue kamera kwanza. Mtazame.

Na ukibahatika kumwona akijisafisha, utacheka. Ndege hujichana manyoya kwa mdomo. Huyu mdomo wake haumfikii kifuani wala mabegani, ni mrefu kupita kiasi, kwa hiyo hujikuna na kujichana kwa miguu. Ananing'inia upande mmoja juu ya kijitawi, anapandisha mguu kupitia nyuma ya bawa, anajikwangua kichwa upesi upesi kama mbwa mwenye viroboto, kisha anakaa wima tena na upanga wake hewani kana kwamba hakuna aliyemwona.

Akiruka, dalili nyingine inajitokeza. Wavumaji wadogo hupita masikioni mwako kama nyuki. Huyu ni mkubwa kwa kipimo cha ukoo wake, mapigo ya mabawa yake ni ya taratibu zaidi, na mruko wake unaonekana mzito na wa moja kwa moja. Kitangulizi cha mdomo kinamfanya aonekane kama sindano ya kushonea magunia inayoruka. Sauti yake ni ya chini, mkoromo mfupi wa kooni, usiofanana na vilio vyembamba vya wenzake.

3. Kisha rangi: dume, jike na mchanga

Mwanga ukiwa mzuri, dume ana kichwa cha rangi ya shaba iliyoanza kuchakaa, mgongo wa kijani, na koo na kifua vya kijani kinachong'aa zaidi. Mkia wake ni wa giza, umegawanyika kama panda ya manati. Nyuma ya jicho kuna doa dogo jeupe. Doa hilo linaonekana hata penye ukungu, lakini wavumaji wengi wa huko wanalo pia, kwa hiyo lisiwe ushahidi wako wa pekee.

Jike ni rahisi kumtofautisha kwa chini. Koo na kifua chake ni vyeupe-kijivu vilivyonyunyiziwa madoadoa ya kijani, mfano wa kitambaa kilichodondokewa na wino, na panda ya mkia wake ni fupi zaidi. Mchanga anafanana na mama yake ila mdomo haujafikia urefu kamili. Hapo ndipo watu hukosea: wanaona mdomo wa wastani, wanamwandika ndege mwingine.

4. Wanaoweza kukuchanganya

Kwa mtu mzima wa aina hii, hakuna. Nimesikia watu wakibishana juu ya ndege wa kahawia wasiopungua kumi, ila kuhusu huyu sijasikia ubishi. Angalia tu usimwite mvumaji mkubwa kuliko wote. Sifa hiyo ni ya wavumaji wa jenasi Patagona, nao wanapenda maeneo makavu na ya wazi zaidi ya Andes, mdomo wao ni wa kawaida. Kwenye msitu wa picoespada utakutana pia na wavumaji waitwao inka, wenye kola nyeupe shingoni, na jamaa zao. Hao wana midomo mirefu iliyonyooka, na kwa mbali penye ukungu unaweza kushtuka. Midomo yao ni kama theluthi moja tu ya ule wa picoespada.

5. Elewa anapoishi: ukanda, msitu, ua

Picoespada hukaa kwenye milima ya Andes, kuanzia magharibi ya Venezuela, kupitia Kolombia, Ekuador na Peru, hadi Bolivia. Kwenye ramani ni utepe mrefu wenye upana mdogo, kwa sababu kinachomweka pale ni urefu wa mlima, siyo mipaka ya nchi. Wengi wao wako kati ya mita 2,400 na 3,100 juu ya usawa wa bahari. Wapo wanaoshuka hadi karibu mita 1,700 na wanaopanda hadi mita 3,500.

Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ataupata ukanda huu bila ramani. Mandara iko kama mita 2,700. Horombo iko kama mita 3,700. Picoespada angekuwa anaishi pale Mandara, akipanda kidogo kuelekea Horombo, lakini asingelala Horombo. Na mandhari nayo inafanana kwa kiasi cha kushangaza: miti mifupi iliyokunjamana, magome yaliyovaa mimea laini ya kijani kama zulia lililoloa, ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini, na ukungu unaoingia saa nne asubuhi kana kwamba umeitwa. Tofauti utaiona ukiinua macho: matawi ya Andes yamejaa okidi na mimea ya jamii ya nanasi iliyojishikiza juu ya miti, kila mmoja umekinga maji ya mvua katikati ya majani yake.

Msitu wa mawingu peke yake hautoshi, hata hivyo. Unaweza kutembea humo siku nzima usimwone. Yeye hukaa zaidi pembezoni mwa msitu, kwenye vichaka vya miteremko, kando ya vijito, na hata kwenye bustani za watu, mradi kuna maua ya mrija mrefu. Hapa ndipo mdomo unapogeuka ramani.

Kuna pasheni za porini za Andes, ndugu wa hii pasheni tunayotengenezea juisi, ambazo ua lake halikufunguka bapa kama la kwetu. Limerefuka likawa mrija unaoning'inia, na mbochi iko ndani kabisa, mwisho wa mrija, mbali na kila mdomo wa kawaida. Mojawapo, Passiflora mixta, ina ua la waridi na inamtegemea picoespada kwa uchavushaji. Anapozamisha mdomo hadi mwisho, paji la uso linagusa chavua, akienda ua la pili anaipeleka. Ua lilirefuka, mdomo ukarefuka, kwa mamilioni ya miaka, hadi wawili hao wakabaki wakihitajiana. Mmea ndio uliojifunga zaidi, kwa kuwa ndege ana maua mengine ya kwenda.

Hayo mengine, muhimu kwako ni maua-tarumbeta, jenasi Brugmansia. Ukiyaona utayakumbuka: ni yale makubwa yanayoning'inia kama kengele, ambayo huku kwetu watu wa nyanda za juu wanayapanda uani kama pambo. Ya kwetu mengi ni meupe au ya rangi ya machungwa mabivu, na yananukia sana jioni kuwaita nondo. Huko Andes kuna aina yenye ua jekundu ambalo upande wa kikonyo lina njano, Brugmansia sanguinea, isiyonukia, maana wavumaji hawaitwi kwa harufu. Hiyo ndiyo meza ya picoespada. Ni jamaa ya mnanaha, na ina sumu mmea mzima, kwa hiyo shika darubini yako na uache mikono mbali na ua.

Kwa kuwa ua linatazama chini, ndege inambidi aje kwa chini yake. Anafika, anasimama hewani chini ya kengele, ananyoosha shingo na kuinua upanga wima, halafu anapanda taratibu mpaka mdomo wote umezama na uso umepotelea ndani. Unabaki unaona kiwiliwili na mkia vikitetemeka chini ya ua. Sekunde chache, anashuka kinyumenyume, na kuhamia kengele inayofuata. Chozi hawezi kufanya hivyo kwa muda mrefu. Yeye hutua kwanza ndipo anywe. Bega la mvumaji linazunguka kiasi kwamba bawa linamwinua linapokwenda mbele na linaporudi nyuma pia, na ndiyo maana anaweza kusimama hewani kama amefungwa kwa uzi.

Angalia pia maua yenyewe kabla ya kuchagua mahali pa kusimama. Ukikuta kengele nyingi zina vitundu vidogo kwenye mrija, karibu na kikonyo, ujue pana wezi. Kuna ndege wadogo wenye mdomo wa ndoano wanaotoboa ua kwa nje na kufyonza mbochi bila kugusa chavua. Kichaka kilichotobolewa sana kina mbochi kidogo; tafuta kingine.

6. Chagua kituo

Kwa mgeni wa mara ya kwanza ningesema Ekuador, bila kusita. Nchi ni ndogo, barabara za milimani ni nzuri, fedha yao ni dola ya Marekani tangu mwaka 2000, na mji mkuu, Quito, uko mita 2,850, kwa hiyo unalala tayari ndani ya ukanda wa ndege wako.

Vituo viwili ninavyovipendekeza viko pande tofauti za milima. Cha kwanza ni hifadhi ya Yanacocha, kwenye mteremko wa volkano Pichincha, inayosimamiwa na taasisi ya Jocotoco. Iko juu, kwenye mita 3,500 hivi, na ina njia tambarare inayofuata ubavu wa mlima, hivyo hata mwenye magoti mabovu anaweza. Cha pili ni nyumba ya wageni ya Guango, mita 2,700 hivi, kwenye bonde la mto Papallacta upande wa mashariki. Kufika huko kutoka Quito unavuka kwanza mlango wa mlima wenye mita zaidi ya 4,000, kisha unateremka. Sehemu zote mbili wametundika chupa za maji ya sukari kwa ajili ya wavumaji, na picoespada ni mgeni wa kawaida.

Kolombia nayo ina sehemu nzuri, hasa Hacienda El Bosque karibu na Manizales, na bustani ya wavumaji ya La Calera nje kidogo ya Bogotá kwa mwenye nusu siku tu mjini. Peru, jaribu sehemu ya juu ya barabara ya Manu, kuzunguka kituo cha utafiti cha Wayqecha.

Kabla ya kulipia chochote, fungua eBird, ile kanzidata ya bure ya chuo kikuu cha Cornell ambapo watazamaji wa ndege duniani kote wanaandika walichoona. Ingiza jina la ndege, angalia alionekana wapi ndani ya wiki mbili zilizopita. Dakika tano za kuangalia huko zitakuokoa dola nyingi za teksi. Msimu nao uangalie kwa upande wa mlima unaokwenda: upande wa Yanacocha, Juni hadi Septemba ni pakavu zaidi, wakati upande wa Guango miezi hiyo hiyo, hasa Juni na Julai, mvua inanyesha kwelikweli.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani, na masharti ya viza yaulize ubalozini mapema kwa pasipoti yako wewe.

7. Mwili wako na mzigo wako

Ukitoka Dar es Salaam au Mombasa, usiende Yanacocha siku ya kwanza. Lala Quito usiku mbili, kunywa maji, tembea kama wanavyokuambia waongozaji wa mlimani: pole pole. Kichwa kikigonga na chakula kikikataa, shuka chini. Ndege atakuwepo kesho.

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha, na kwenye vichaka vya karibu inafaa kuliko ile ya kukuza mara kumi. Beba koti la mvua, glavu nyembamba unazoweza kushikia kamera, na kitambaa kikavu cha kufutia vioo. Hicho kitambaa ndicho nilichokisahau mimi, na nusu ya asubuhi yangu ya kwanza niliitazama kupitia ukungu wa kioo changu mwenyewe.

8. Kumngoja

Wavumaji wengi ni walinzi wa mali. Mmoja anakalia kichaka chake na kufukuza kila anayesogea. Pale Guango wababe ni wale wenye kifua cha rangi ya kahawia-kutu, utawajua kwa tabia moja: wakitua, huacha mabawa yamenyanyuka juu kwa nukta moja kabla ya kuyakunja, kama mtu anayeonyesha kwamba hana kitu mfukoni. Hao watakufurahisha kwa saa nzima, na ndio watakaokupotezea picoespada.

Maana yeye hana kichaka anachokilinda. Ana mzunguko, kama mgema mwenye minazi yake kumi: anapita kila mnazi kwa zamu, anakinga kilichojaa, anaendelea, kisha anarudi kwenye ule wa kwanza. Kwa hiyo anatokea, anakunywa chini ya dakika moja, anapotea. Asiyejua hilo anasubiri dakika kumi, anasema leo hayupo, anakwenda kunywa chai.

Mimi ndiye niliyekwenda kunywa chai. Asubuhi ile nilikuwa nimezikazia macho chupa za sukari, nikirekodi wababe wa kahawia kwa simu, nikajisemea nimengoja vya kutosha. Nikiwa na kikombe mkononi, mpishi wa pale alinigusa bega na kuelekeza mwiko dirishani. Nyuma ya jiko palikuwa na mti mmoja wa maua-tarumbeta mekundu, na chini ya kengele moja kuna mkia unatetemeka. Kamera ilikuwa mezani, nje, imefunikwa mfuko. Niliweka kikombe chini taratibu kana kwamba ndege angesikia chai.

Kwa hiyo fanya hivi. Fika kabla jua halijawa kali. Usiku wa Andes ni baridi na wavumaji wengi huupitisha kwa kujizima: joto la mwili linashuka sana, moyo unapunguza mwendo, ili akiba ya chakula isiishe kabla ya alfajiri. Wakiamka wana njaa, na hiyo ndiyo saa yao. Saa moja ya mwisho kabla ya giza ni nzuri vilevile, wanapojaza tangi kwa ajili ya usiku.

Zunguka kwanza eneo lote, hesabu maua-tarumbeta na pasheni za mrija mrefu, kisha simama mahali ambapo unaona chupa moja na mti mmoja wa maua kwa pamoja. Mita sita au nane zinatosha. Usivae nguo nyekundu ukiwa na haraka ya kumwona, maana wavumaji wengine watakuja kukukagua na kukuvuruga. Akitokea mara ya kwanza, usijitahidi kupiga picha: tazama saa. Andika dakika. Akirudi, andika tena. Ukishapata mizunguko miwili au mitatu, unajua takriban lini atarudi, na kwa kawaida atafika kwenye ua lile lile akitokea upande ule ule.

Kuhusu maji ya sukari, wengi huuliza kama wanaweza kutengeneza kwao. Ni kikombe 1 cha sukari nyeupe kwa vikombe 4 vya maji, hakuna rangi, hakuna asali, kwa sababu asali huchacha na kuotesha ukungu unaowadhuru ndege. Chupa ioshwe kila baada ya siku chache. Ukitundika hiyo Arusha hatakuja mvumaji yeyote, lakini chozi wanaweza kuzoea.

9. Picha

Karibu kila picha ya kwanza ya picoespada ina kasoro moja: mdomo umekatwa. Umezoea kumjaza ndege kwenye fremu, na huyu anatokeza nje. Punguza kukuza, acha nafasi tupu mbele ya uso wake sawa na mwili mzima. Mpige akiwa ubavu. Akikutazama, jicho litakuwa kali na mdomo utakuwa doa lisiloeleweka, kwani ncha iko sentimita 10 karibu nawe zaidi kuliko jicho. Kasi ya shata iwe 1/1000 au zaidi kama mwanga unaruhusu. Mabawa yatabaki na ukungu kidogo, na kwangu mimi hiyo inapendeza kuliko mabawa yaliyogandishwa kama ya sanamu. Flashi niliiacha. Na ukiamua kurekodi video badala ya picha, lenga ua, si ndege: yeye ndiye atakayekuja ndani ya fremu.

10. Andika ukiwa bado umesimama

Usisubiri hotelini. Andika saa, urefu wa mahali kwa mita (simu itakuambia), dume au jike, ua gani au chupa, na dakika kati ya ziara moja na nyingine. Kama ni ua, piga picha ya ua hilo pia, kutoka ubavuni, ukiweka kalamu pembeni ili urefu wa mrija uonekane. Ukiingiza taarifa hizo eBird jioni, weka na picha ya ua kwenye maelezo. Atakayekuja baada yako atahitaji kujua mti upo upande gani wa jiko.